Nilikwenda Oloipiri Kuwazuia Wageni

Kila nikienda mnadani Karatu nashikwa mkono na mtu anayetaka kujua ilikuwaje. Nimesimulia mpaka nimechoka, na nikinyamaza wengine wanasimulia badala yangu. Wiki iliyopita nimesikia kwamba nilimpiga dalali kibao mbele ya Wamasai na kwamba nilirudi na ng'ombe sita. Sikumpiga mtu kibao, ingawa mkono uliniwasha, na ng'ombe hakuna. Naandika mara moja tu. Someni, halafu mniache nipepete maharage yangu kwa amani.

Kwa asiyenijua, mimi ni Martina, mama Paskali, wa Kansay. Shamba langu ni dogo, halinitoshi, kwa hiyo kila msimu nakwenda kung'oa maharage ya tajiri mmoja mwenye mashamba makubwa upande wa chini wa kijiji. Jina lake silitaji, maana Jumapili tunapeana mkono wa amani kanisani. Tuko wanawake kumi na wawili na tumemfanyia kazi miaka mingi, kwa elfu nane kwa siku. Mwaka jana akaleta vijana wa Kimasai kutoka Oloipiri, huko Loliondo, pamoja na ndugu zao wachache wa ng'ambo ya mpaka, Kenya. Walipofika tu, malipo yakashuka hadi elfu tano. Akasema chakula kiko juu yake, kana kwamba sisi tulikuwa tunalala njaa kwetu. Mwaka huu akatuita tena. Ni elfu tano, akasema, na asiyetaka abaki nyumbani, kwa sababu Jumamosi dalali wake anakwenda na lori Oloipiri kuchukua wageni.

Tukabaki nyumbani, sote kumi na wawili.

Mtu wa mjini asiyejua maharage atashangaa tulipata wapi jeuri hiyo. Maharage yakishakauka shambani yanang'olewa asubuhi mapema, umande ukiwa bado juu yake. Jua likipanda, maganda yanapasuka na mbegu zinamwagika chini. Ukiyaacha siku chache, shamba zima linajimwaga lenyewe. Kwa hiyo tajiri alikuwa mikononi mwetu, lakini kwa wiki moja tu, na kwa sharti kwamba asipate mikono mingine. Ilibidi mtu afike Oloipiri kabla ya lori awaambie wale vijana wasije. Wakija, sisi tumekwisha, na elfu tano itakuwa ndiyo bei yetu mpaka tuzeeke.

Walinichagua mimi kwa sababu nina mdomo. Na nilikuwa na langu moyoni. Mwaka jana sisi wanawake ndio tuliokuwa tunapika kwa zamu, na zamu yangu ilipofika niliwapikia wale vijana makande kwa mafuta niliyotoa nyumbani kwangu. Wakaitazama sufuria, wakageuka, wakaenda kukaa upande wa pili wa shamba. Siku nne mfululizo hivyo hivyo, na makande yetu yakaliwa na mbwa wa tajiri. Siku ya tano nikawaambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba kama chakula chetu sisi Wambulu kinanuka, warudi kwao wakanywe maziwa. Kijana mmoja mrefu, Saitoti, aliinamisha kichwa akaendelea kung'oa. Hasira ile niliitunza mwaka mzima.

Kansay mpaka Mto wa Mbu

Wenzangu walichanga nauli nikaondoka Jumatano. Karatu nilikaa kwenye kibanda cha chai kusubiri gari, nikaagiza chai na yai la kuchemsha. Bei ya yai ilikuwa imepanda tangu mara ya mwisho, na mimi si mtu wa kulipa bila kuuliza.

"Msimu wa watalii, dada," mama muuza chai akaniambia. "Hoteli zinanunua trei kwa trei. Ukitaka yai la bei ya zamani, subiri Wazungu waondoke."

Nilinung'unika, nikalipa, nikala. Sikuwa na mawazo ya mayai siku hiyo. Nilishuka Mto wa Mbu, nikalala kwa binamu yangu, na binamu yangu akanisomea risala nzima kuhusu wanawake wanaosafiri peke yao kwenda kugombana na moran, vijana wapiganaji wa Kimasai. Nikamwambia siendi kugombana. Nakwenda kuwaambia watu wakae kwao.

Mto wa Mbu mpaka Engaresero

Basi la Loliondo lilipita asubuhi ya Alhamisi. Niliketi na fundi mmoja wa kusuka nondo, Masanja, Msukuma wa mwili mkubwa aliyekuwa anarudi kwenye kazi ya ujenzi kule Wasso. Alikuwa na mfuko wa viazi vitamu vilivyochemshwa na akanipa kimoja kabla hata sijamsalimia vizuri.

Tulipita Engaruka salama. Mbele ya hapo, kwenye vumbi na mawe ya upande wa Natron, gari lililia kwa chini, likalala ubavu mmoja. Springi imekatika. Utingo akapanda pikipiki iliyokuwa inapita, akarudi Mto wa Mbu kutafuta nyingine. Abiria tukashuka, tukakaa kwenye kivuli cha basi lenyewe, na jua lilipozunguka na sisi tukazunguka nalo.

Masaa sita. Ule wanaouita Mlima wa Mungu umesimama pale mbele yako, na Mungu mwenyewe huna la kumwambia. Nilihesabu siku kichwani: leo Alhamisi, lori Jumamosi. Nilikuwa nasimama kila dakika kutazama barabara, mpaka Masanja akaniuliza nawahi msiba gani. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akimenya kiazi.

"Kwa hiyo mama unasafiri siku tatu kwenda kumzuia mtu asisafiri kutafuta kazi," akasema.

"Anakuja kuharibu kazi yangu."

"Mimi natoka Shinyanga. Kule Wasso vijana wa Loliondo wananiambia maneno hayo hayo, kwamba bila sisi Wasukuma wangelipwa vizuri. Lakini kusuka nondo hakuna aliyewafundisha. Nimewafundisha wawili mimi mwenyewe. Sasa wanalipwa kama mimi na bado wananiambia nirudi kwetu."

"Basi rudi," nikamwambia, kwa sababu nilikuwa na njaa na joto.

Alicheka mpaka akakohoa, akanipa kiazi kingine. Nilikila. Sikukubaliana naye, na sikutaka aone kwamba amenifikirisha.

Springi ilifika jioni, na dereva akakataa kupanda ule mlima wa kwenda Sale gizani. Tulilala Engaresero.

Sale

Ijumaa karibu na saa sita tulifika Sale, basi likasimama watu wale. Niliingia kwenye hoteli ya mama mmoja mnene mchangamfu, nikaagiza ugali na maharage. Aliponiletea akanisikia lafudhi.

"Wewe ni wa Karatu."

"Wa Kansay."

Akaweka mikono kiunoni. "Basi kula vizuri, ni maharage ya kwenu hayo. Sisi hapa tunalima maharage, tuna maji yetu ya mifereji, tumelima tangu mababu. Lakini nyinyi watu wa Karatu mmeanza kuyaleta kwa malori, mnauza bei ya kutupa. Mwaka jana ndio mmetumaliza kabisa. Yangu magunia manne yaliliwa na wadudu stoo. Sasa nanunua ya kwenu napikia wateja. Siwezi kushindana na watu wanaolimiwa bure."

Nilikuwa nimeshamega tonge. Niliyatazama yale maharage kwenye bakuli, ya rangi nyekundu yenye madoa. Nayajua. Mwaka jana ndio mwaka wa elfu tano. Inawezekana kabisa niliyang'oa mimi.

"Hatulimi bure," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayeyang'oa."

"Wanakulipa nini?"

Nikamwambia. Mama yule alivuta kiti akakaa mbele yangu, hasira yote imemtoka, akanitazama kama mtu aliyefiwa. Akasema, "Pole dada. Ndiyo maana ni rahisi hivyo." Nilipotaka kulipa akakataa nusu ya hela. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ningependa zaidi angenitukana.

Ndani ya basi sikumwambia Masanja habari hiyo. Angefurahi sana.

Oloipiri

Kutoka Wasso nilichukua pikipiki, na jua lilikuwa bado juu nilipofika Oloipiri. Nilijua jambo moja tu kuhusu Saitoti, kwamba mama yake anaitwa Naserian na anauza ugoro na sukari. Hilo lilitosha. Kila mtu alinionyesha kwa kidole, na wanawake watatu wakanisindikiza mpaka mlangoni ili waone nimeleta nini.

Naserian ni mwanamke wa umri wangu, mwembamba, anasema Kiswahili cha mnadani, kifupi na cha kueleweka. Hakuniuliza kilichonileta. Aliniketisha, akaninawisha mikono, akanipa loshoro kwenye bakuli, mahindi yaliyopikwa na maziwa mgando, ya baridi. Kusema kweli njiani nilikuwa nimepanga kulipiza. Nilipanga nikipewa chakula nikitazame, nigeuke, niondoke, ili waonje nilichoonja mimi. Lakini nilikuwa na njaa, na loshoro ile ilikuwa tamu. Nikala.

Nikiwa katikati ya bakuli, Saitoti akaingia. Alinitambua. Akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo mama," akaona tunakula, akatoka haraka. Mama yake akaweka kibuyu na bakuli nje ya mlango, akarudi ndani akageukia ukuta. Nikasikia vijana watatu wanachukua na kuondoka nyuma ya zizi.

"Amekasirika kwa sababu yangu?" nikauliza.

Naserian hakunielewa. Nikarudia. Alicheka kidogo.

"Huyu moran. Moran hali mbele ya mwanamke aliyeolewa. Hata mimi, na nimemzaa. Na hali peke yake, lazima na mwenzake. Nyinyi kule hamjui?"

Hatukujua. Niliweka bakuli chini. Nilikumbuka siku nne za makande, na mimi nimesimama juu ya sufuria na mwiko mkononi, macho yamenitoka, nawangoja wale. Nilisimama pale pale kwa makusudi ili nione kama watakula. Kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyozidi kuwakazia macho.

Baadaye Saitoti alirudi akasimama karibu na mlango, nikamuuliza walikuwa wanakula nini kule Kansay.

"Maziwa na chapati, mama. Tunanunua kwa hela yetu."

"Katika ile elfu tano?"

"Ndiyo. Tunabaki na kama elfu tatu."

"Kwa nini hamkusema?"

"Kumwambia mama aliyepika aondoke ndipo tule? Ile ni aibu. Tulimwambia dalali. Akasema, chakula mmepewa, msipokula ni shauri yenu." Akatazama nje. "Na elfu tano, dalali alisema ndiyo bei yenu nyinyi akina mama. Akasema mmeikubali wenyewe. Akasema tukiomba zaidi, mtatufukuza kijijini."

Sisi alituambia kwamba wao ndio walioikubali.

Nitasema na la kwangu, kwa sababu naandika ukweli. Yale maziwa waliyokuwa wananunua, muuzaji alikuwa wifi yangu. Alipoona vijana wanakuja kila siku alipandisha bei mara mbili, akajenga choo kipya. Mama Anselmi, mmoja wetu, alipangisha chumba chake cha uani kwa vijana sita. Muuza makubadhi ya tairi alimaliza mali yake yote. Hayo yote niliyajua, na kwenye mkutano wetu sisi wanawake sikuyasema hata moja. Nilisema wageni wameharibu bei.

Naserian akaniuliza hatimaye. "Na wewe umekuja kwa nini?"

Nikamwambia, maana nilishakula chakula chake na sikuweza kudanganya. "Nimekuja kuwaambia vijana wako wasije."

Hakupandisha sauti. "Nilikuwa na ng'ombe arobaini. Kiangazi kimekula, nimebaki na sita. Unataka Saitoti achunge nini? Ningekuwa na ng'ombe wangu, ungemwona mwanangu ameinama kwenye maharage yako? Na hela akituma, mwenye duka hapa anapandisha sukari siku hiyo hiyo. Anajua vijana wametuma. Kila mahali kuna mtu anakungoja."

Nililala kwenye ngozi karibu na moto, au nilijilaza tu, kwa sababu usingizi haukuja. Nilikuwa nimebeba ujumbe wa wanawake kumi na mmoja na ujumbe huo ulikuwa umeoza mfukoni. Asubuhi nilimwambia Naserian kwamba nimebadili neno. Waje. Lakini wasije kwa elfu tano, waje kwa elfu nane yetu ya zamani, na wasiingie shambani mpaka sisi tuingie.

Saitoti akaenda kuwaita wenzake wa rika lake kwenye birika la kunyweshea. Walizungumza Kimaa muda mrefu, mmoja mmoja, kila anayesema ameshika fimbo, na mimi nimekaa pembeni na Naserian akinitafsiria nusu nusu. Mwisho Saitoti akanijia.

"Tumekubali, mama. Na wa rika letu akichukua chini ya hapo, tunamtoza ndama."

Nikamuuliza kama kuna mwenye ndama wa kutozwa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana hatachukua."

Lori

Dalali alifika Jumamosi mchana. Anaitwa Jofrei, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Alishuka akapiga makofi kuwaita watu, kisha akaniona nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai.

"Mama Paskali," akasema. "Umepotea njia?"

"Nimekutangulia tu."

Saitoti akamuuliza mbele ya wote mwaka huu ni kiasi gani. Jofrei alijikaza. "Tano na chakula. Bei ile ile ya akina mama wa kule."

"Akina mama wa kule ndio hawa," nikasema, nikajipiga kifua. "Rudia nikusikie vizuri."

Hakurudia. Alisema basi atarudi na lori tupu, na Naserian akamjibu kwamba njia ni ile ile aliyojia. Jofrei akapanda kilimani kutafuta mtandao ampigie tajiri, akakaa huko karibu saa nzima, akashuka amenyong'onyea. Nadhani alihesabu mafuta, akakumbuka maharage yanavyokauka, akaona heri afike na watu wabishi kuliko kufika na lori tupu. Akasema tupande, mengine tutaongea na tajiri mwenyewe.

Jumapili asubuhi na mapema tukaondoka kwa njia ya Serengeti, vijana kumi na tisa na mimi. Jofrei alinipa nafasi mbele, karibu na dereva. Nilikataa. Sikutaka vijana waone nimekaa na dalali, na kusema kweli sikutaka dalali apate masaa tisa ya kunilainisha. Nikasimama nyuma na wenzangu, nimeshika bomba.

Njia nzima tulipishana na magari ya watalii. Karibu na lango la Naabi moja lilisimama, paa likainuliwa, wakatupiga picha: vijana wenye mashuka mekundu ndani ya lori na mama mmoja wa Kimbulu katikati yao mwenye kitenge na vumbi mpaka kwenye kope. Sijui waliambiwa sisi ni nini. Hapo ndipo yai la Karatu lilinirudia. Mzungu akija yai linapanda, chumba kinapanda, hata ndizi inapanda, na hatujawahi kuitisha mkutano kumwambia arudi kwao. Tunampungia mkono. Lakini kijana aliyepoteza ng'ombe akija na fimbo yake na shuka moja, huyo ndiye ameharibu uchumi. Nilikasirika upya, safari hii nikiwa na watu sahihi wa kuwakasirikia, na kati ya watu hao nilikuwemo mimi.

Kwenye ukingo wa kreta ukungu ulitufunika. Baridi ya pale mnaijua. Meno yaligongana, na Saitoti bila kusema neno alivua shuka lake la juu akaniwekea mabegani. Nikamwambia, "Saitoti, ile siku ya makande niliongea vibaya. Naomba unisamehe."

Akafikiri kidogo. "Yalikuwa yananukia vizuri, mama," akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa shida."

Kansay, asubuhi ya Jumatatu

Jioni ile ile ya kufika niliwakusanya wenzangu na kuwaeleza. Haikuwa rahisi. Mama Anselmi aliniuliza kama nimelogwa huko Loliondo, maana nilitumwa kuwazuia watu na nimerudi nao kwenye lori. Nikawaambia habari ya elfu tatu. Nikawaambia habari ya mama wa Sale. Wifi yangu, mwenye maziwa, alitazama chini muda wote. Mwisho wakauliza tufanye nini, nikasema tupike makande.

Asubuhi tulikuwa shambani kabla ya jua. Umande ulikuwa mwingi, maharage yamekauka hasa, ya kung'olewa siku ile ile. Hatukugusa hata shina moja. Tuliweka masufuria mawili kwenye tuta, na vijana wakakaa nyuma yake. Sisi kumi na wawili tukasimama mstari mmoja mbele yao, tukawapa mgongo, macho yetu barabarani.

Tajiri alifika na pikapu lake. Jofrei alishuka naye, miwani usoni. Mtu anayekuja akakuta wanawake kumi na wawili wamesimama bega kwa bega wanamtazama yeye, anajua kwamba siku imeharibika. Akatafuta vijana kwa macho, akaona mashuka mekundu nyuma yetu.

"Hawa nimewaleta kwa mafuta yangu," akasema. "Mbona hawajaingia?"

"Wataingia tukiingia," nikasema. "Elfu nane, kwa kila mtu, wa hapa na wa Oloipiri. Na hela ya chakula mkononi, kila mtu ale anachokula."

"Martina, bei ya maharage mwaka huu siyo nzuri."

"Haiwezi kuwa nzuri. Mmeyapeleka Sale mkauza bei ya kutupa, nimeyala mwenyewe."

Akamgeukia Jofrei, na Jofrei akatazama matairi ya pikapu. Tajiri akaita kwa sauti juu ya mabega yetu, "Nyinyi vijana, nani anataka kazi kwa elfu sita? Aje mbele, aanze sasa hivi."

Sikugeuka kutazama. Hicho ndicho kilikuwa kigumu kuliko safari yote. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu, na sasa kila kitu kilikuwa nyuma ya mgongo wangu na sikuruhusiwa kukiona. Nilisikia vijiko vinagonga bakuli. Nikasikia mtu anacheka kidogo kwa Kimaa. Hakuna aliyesimama.

Jua likachomoza juu ya kilima. Umande ukaanza kuondoka kwenye majani, na hapo karibu na miguu ya tajiri ganda moja likapasuka. Mkulima yeyote anaijua sauti ile. Likafuata la pili. Mbegu zikaanguka kwenye mavumbi, nyekundu zenye madoa, na yeye akazitazama kama anayetazama damu yake.

"Haya," akasema. "Nane. Na hela ya chakula. Ingieni."

Hakuna aliyesogea. Ganda jingine likapasuka.

"Nimesema nane, Martina. Sasa mnangoja nini tena?"

"Tajiri, subiri kidogo," nikamwambia. "Vijana wanakula."

Akasubiri.